Ukeketaji na kovu lake

Kukeketa ni kukata kwa kisu butu, kwa kupeleka na kurudisha. Ndiyo maana wengi wameacha kusema "tohara ya wanawake": tohara ina maana ya usafi, na hapa hakuna kinachosafishwa. Zinakatwa sehemu za siri za nje za mwanamke, baadhi au zote, bila sababu yoyote ya kitabibu.

Shirika la Afya Duniani hutaja aina 4. Ya kwanza hukata kisimi. Ya pili hukata na mashavu ya uke. Ya tatu, iliyoenea Somalia, Sudan na kaskazini mashariki mwa Kenya, huyaunganisha mashavu na kuacha tundu dogo tu. Ya nne ni majeraha mengine, kama kuchanja au kuchoma.

Madhara ya siku yenyewe wengi wanayajua: maumivu, damu isiyokatika, pepopunda, wembe mmoja kwa wasichana kadhaa. Wapo wanaofia hapo. Kinachosahauliwa ni kovu.

Njia ya uzazi imeumbwa itanuke, lakini kovu halitanuki. Kichwa cha mtoto kinaposhuka, kovu huchanika au humchelewesha. Utafiti wa Shirika hilo uliotolewa mwaka 2006, kwa wanawake zaidi ya 28,000 wa nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa waliokeketwa sana walitokwa damu nyingi zaidi baada ya kujifungua, walizalishwa kwa upasuaji zaidi, na walipoteza watoto wachanga zaidi kuliko wasiokeketwa.

Kwa aina ya tatu, mkojo na hedhi hupita kwenye tundu hilohilo. Mwanamke huchukua dakika nyingi kumaliza haja ndogo, na kwa kuwa mama na dada zake wako vivyo hivyo, haoni kama ni ugonjwa.

Halafu kuna jeraha la moyoni. Wanaomshika msichana miguu ni shangazi na bibi, watu ambao angewakimbilia akitishwa na mtu mwingine. Anaambiwa asilie, asiaibishe ukoo. Miaka baadaye huja jinamizi, sonona, uchungu katika tendo la ndoa. Akilazwa kitanda cha kliniki na kuambiwa apanue miguu, moyo unamwenda mbio. Mwingine harudi tena, hata kupimwa saratani ya shingo ya kizazi.

Huko Kisii, nchini Kenya, wasichana wengi wamekatwa na wauguzi, wazazi wakiamini ni salama. Ganzi huondoa maumivu ya siku ile tu. Neva zilizokatwa hazirudi, na kovu ni lilelile. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inawabana hata wahudumu wa afya.

Mjamzito aliyekeketwa amweleze mkunga mapema, asingoje uchungu uanze. Kovu la aina ya tatu linaweza kufunguliwa kwa upasuaji mdogo kabla ya kujifungua.