"Aje Akiwa Tayari": Dhana Potofu Kuhusu Kulea Chipukizi wa Kompyuta Kazini

Pitia matangazo ya kazi za programu yanayotoka Nairobi au Dar es Salaam, hutachelewa kukutana na nafasi inayosemekana ni ya anayeanza, na chini yake masharti: uzoefu wa miaka mitatu, aweze kufanya kazi bila kusimamiwa. Mhitimu anasoma na kujiuliza hiyo miaka mitatu ataipata wapi, ikiwa kila mlango una kibao hicho hicho. Wanaoandika matangazo hayo si watu wabaya. Wamezoea tu imani kadhaa kuhusu nani anapaswa kumfundisha nani, na nyingi kati ya hizo hazina ukweli. Nitazipitia, na zile zinazowaumiza vijana zaidi nitazikalia kidogo.

Dhana: Vyuo vimeharibika. Zamani mhitimu alikuja anaijua kazi.

Hakuna zamani ya namna hiyo. Mwaka 1951, J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyojulikana kwa migahawa ya chai na keki, ilianza kutumia kompyuta yake iitwayo LEO kwa hesabu za biashara. Hapakuwa na chuo cha kuwatoa waandishi wa programu. Kampuni ikawatafuta miongoni mwa wafanyakazi wake yenyewe, ikawapa kozi ya kuwapima, kisha ikawafundisha waliofaa. Mary Coombs, aliyekuwa amesomea Kifaransa na historia, alipitia kozi hiyo mwaka 1952 na akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa duniani kuandika programu za biashara. Ng'ambo ya bahari, IBM ilikuwa na jaribio lake la kupima vipaji tangu katikati ya miaka ya 1950. Waliolifaulu hawakuulizwa uzoefu, kwa sababu uzoefu huo haukuwepo popote. Walifundishwa. Sekta nzima hii tunayoiona leo ilijengwa na waajiri waliojua kuwa ufundi huu hukamilikia kazini.

Sisemi vyuo vyetu havina kasoro. Mitaala hubadilika polepole, na mwanafunzi anaweza kumaliza wiki zake za fildi akitoa fotokopi na kuvuta nyaya. Lakini hata chuo bora kina mipaka. Mwaka 2008 watafiti Andrew Begel na Beth Simon walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wahandisi wanane waliokuwa wametoka chuoni na kuajiriwa Microsoft. Hawa hawakuwa wahitimu dhaifu. Hata hivyo walihangaika: hawakujua wakati gani wa kuomba msaada, walikaa na tatizo muda mrefu kwa kuogopa kuonekana hawajui, na walipata tabu kuuelewa mfumo mkubwa ulioandikwa na watu wengine. Vilivyowakwaza zaidi vilikuwa vitu ambavyo darasa haliwezi kuvitoa.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Chuoni kijana anaweza kutengeneza duka la mtandaoni likapokea malipo ya M-Pesa na kupata alama nzuri. Kazini atakuta kwamba ujumbe wa kuthibitisha malipo unaweza kuchelewa, usifike kabisa, au ufike mara mbili. Asipojua hilo, mteja mmoja atahesabiwa pesa mara mbili na mwingine atakatwa asipewe bidhaa. Anayelijua hili ni yule aliyewahi kukaa usiku akilinganisha taarifa za malipo na za mauzo, mstari kwa mstari. Maarifa hayo yamo kichwani mwake, na yatamfikia kijana pale tu watakapokaa meza moja.

Dhana: Ukimfundisha, atakimbilia kwa mwenye mshahara mkubwa.

Hii ndiyo hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi, na ina asili yenye heshima. Mwaka 1964 mwanauchumi Gary Becker alieleza kwamba mwajiri hana sababu ya kulipia ujuzi unaoweza kutumika popote, maana mfanyakazi ataubeba aende nao kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke wakaiangalia Ujerumani, ambako kampuni zimekuwa zikilipia mafunzo ya uanagenzi ya aina hiyo hiyo kwa miongo mingi, wakauliza kwa nini hazifilisiki. Sehemu ya jibu lao ni kwamba aliyekufundisha anakufahamu kuliko mwajiri mwingine yeyote. Anajua nani ana kichwa kizuri kabla soko halijajua, na faida ya kumlea haimpotei yote.

Kwa upande wetu wa Afrika, kisa cha Andela, kampuni ya kuwafunza na kuwaajiri wahandisi wa programu, kinafaa kutazamwa kwa makini. Ilianza mwaka 2014 mjini Lagos, ikafika Nairobi, halafu Kampala na Kigali. Ahadi yake ilikuwa ya aina ambayo vijana wengi hawakuwahi kuisikia: tutakuchagua kwa kipaji, tutakulipa huku unajifunza, kisha utafanya kazi na kampuni za nje. Septemba 2019 ikatangaza kuachana na wahandisi wachanga takriban 250 Nigeria na Uganda, na kwamba wengine hadi 170 nchini Kenya wangeweza kuguswa. Sababu iliyotolewa na uongozi haikuwa kwamba vijana wamefundishwa wakakimbia. Ilikuwa kwamba wateja wanataka wazoefu, na kazi za wachanga hazipatikani kwa wingi unaotosha.

Hapo kuna kitu cha kufikiria. Kampuni za nje zilitaka mhandisi aliyeiva bila yeyote kati yao kutaka kumwivisha. Kila mmoja alisubiri mwenzake afanye kazi hiyo, na aliyejaribu kuifanya kwa niaba ya wote akaishia kubeba gharama peke yake. Wahandisi wanaohama wapo, naam. Lakini sekta ambayo kila mtu anawinda wazoefu wale wale wachache itakuwa na wanaohama zaidi, kwa sababu bei yao inapanda kila mwezi.

Dhana: Akili mnemba sasa inafanya kazi za wachanga, hakuna haja ya kuwaajiri.

Kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo ni mchungu. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo Erik Brynjolfsson, walichambua kumbukumbu za mishahara za ADP, kampuni inayoshughulikia malipo ya wafanyakazi, nchini Marekani. Walikuta kwamba kufikia Julai 2025 ajira za watengenezaji wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimeshuka karibu asilimia 20 kutoka kilele chake cha mwishoni mwa 2022. Wenye umri mkubwa zaidi hawakushuka hivyo. Wapo wanaokumbusha kwamba riba zilipanda Marekani mwaka huo huo wa 2022 na kampuni zilikuwa zimeajiri kupita kiasi wakati wa korona, kwa hiyo lawama yote isitupwe kwa mashine. Nakubaliana nao. Ila ukiwa na miaka 23 na unatafuta kazi, mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa.

Kosa liko kwenye hitimisho. Kazi ndogo ndogo tunazokabidhi mashine, kama kurekebisha fomu inayokataa namba ya simu, kuandika majaribio au kusafisha ripoti, hazikuwa na thamani kubwa kwa kampuni. Thamani yake ilikuwa kwa aliyezifanya. Kwa kuzifanya alijifunza jinsi mfumo ulivyopangwa, nani anautumia, na wapi unavuja. Ukiziondoa bila kuweka njia nyingine ya kujifunza, umeikata ngazi katikati, na wale walioko juu watazeeka wakiwa huko huko.

Tena mashine hiyo inahitaji mtu wa kuihukumu. Mwaka 2025 METR, shirika linalopima uwezo wa akili mnemba, lilifanya jaribio na watengenezaji wazoefu 16 kwenye kazi 246 za miradi waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia zana za akili mnemba za mwanzoni mwa mwaka huo, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, huku wenyewe wakiamini wameokoa asilimia 20. Zana zinabadilika haraka na matokeo ya kesho yanaweza kuwa tofauti. Kinachonishughulisha ni ile tofauti kati ya walivyohisi na ilivyokuwa. Ikiwa wazoefu wanaweza kujidanganya kiasi hicho, kijana asiye na mtu wa kumwuliza "umejuaje kwamba hii ni sahihi?" ataupokea msimbo wowote, yaani maandishi ya programu, unaoonekana nadhifu.

Dhana: Kila kitu kipo YouTube. Mwenye bidii atajifundisha.

Atajifundisha lugha ya programu, ndiyo. Atajifunza hata kuunda programu nzima, ikiwa ana bando la kutosha na kompyuta isiyozima kila nusu saa. Lakini video haisomi msimbo wako ikakuambia kwamba umeandika kitu ambacho mwenzako hatakielewa mwezi ujao. Na ukiangalia kwa karibu wengi wa wale wanaosifiwa kwamba wamejifunza peke yao, utamkuta kaka, rafiki au jirani aliyekuwa akijibu maswali yao usiku. Hoja hii huwapa nafasi wale waliokuwa na mtu, kisha huwaita wasiokuwa na mtu wavivu.

Dhana: Mgeni ni hatari. Ataangusha mfumo.

Tarehe 28 Februari 2017 sehemu kubwa ya huduma za intaneti ilikwama kwa saa kadhaa kwa sababu S3, huduma ya Amazon ambako kampuni nyingi huhifadhi data zao, ilianguka katika eneo lake la Virginia. Maelezo ya Amazon yenyewe yanasema mfanyakazi wa timu hiyo, mwenye idhini na akifuata utaratibu uliokuwepo, aliingiza vibaya sehemu moja ya amri, zikaondolewa seva nyingi kuliko alivyokusudia. Mwezi mmoja kabla, usiku wa tarehe 31 Januari, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa watengenezaji wa programu, alifuta data kwenye hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta njia walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Data ya takriban saa sita ikapotea.

Hao hawakuwa vijana wa wiki ya kwanza. Kinachofundisha zaidi ni kilichofuata. Amazon ilirekebisha chombo chenyewe kiondoe seva taratibu na kikatae kushuka chini ya kiwango cha usalama. GitLab iliandika kila kitu hadharani. Mfumo ambao mgeni anaweza kuuangusha kwa amri moja, mzoefu aliyechoka anaweza pia. Kumfungia kijana nje hakuuimarishi.

Dhana: Wazoefu wetu hawana muda wa kufundisha.

Hapa sitaki kudanganya: kulea kuna gharama. Wachumi Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais walichunguza wahandisi wa kampuni moja kubwa ya Marekani, wakakuta kwamba walioketi karibu na wenzao walipata maoni mengi zaidi kuhusu msimbo wao, hasa wachanga. Waliolipia ni wazoefu, ambao walizalisha programu chache kwa kipindi hicho. Ofisi zilipofungwa kwa sababu ya korona, tofauti hiyo ikayeyuka. Kwa hiyo meneja anayempima mhandisi mzoefu kwa idadi ya kazi alizomaliza tu, bila kuhesabu aliyemkuza, amemwambia wazi asimsaidie mtu. Muda upo. Haujaandikwa kwenye mpango, na kipimo cha kazi kinauadhibu.

Zipo njia ambazo hazihitaji muda mpya. Mwaka 2013 Alberto Bacchelli na Christian Bird walichunguza jinsi timu za Microsoft zinavyopitia msimbo wa wenzao. Watu walisema wanafanya hivyo kutafuta makosa. Watafiti waliposoma maoni yenyewe, wakaona makosa yaliyonaswa ni machache kuliko walivyodhani, na kwamba faida nyingine kubwa ilikuwa maarifa kupita kutoka kwa mtu hadi mtu. Timu inayopitia msimbo tayari ina darasa. Inatosha kuandika "badilisha hivi kwa sababu hii" badala ya "badilisha".

Dhana: Mafunzo ni ya kampuni kubwa zenye bajeti.

Mwajiri wa Kenya anatozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kama tozo ya mafunzo, na anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Tanzania Bara, waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwezi Julai 2023, na serikali ina programu za uanagenzi na utarajali zinazotafuta mahali pa kuwapeleka wahitimu. Mwenye kampuni anayesema mafunzo ni ghali, na huku analipa tozo kila mwezi bila kuuliza inamrudishia nini, aanze kwa kuuliza hilo.

Kampuni ya watu watano haiwezi kuchukua chipukizi kumi. Inaweza kumchukua mmoja. Wiki ya kwanza apewe hitilafu ndogo ya kweli, ambayo mteja ameilalamikia, na aifuate mpaka marekebisho yamfikie mteja huyo. Awe na mtu mmoja anayetajwa kwa jina, mwenye nusu saa kila siku ya kujibu maswali, na nusu saa hiyo ihesabiwe kuwa kazi. Kila anapokwama, atakachokigundua akiandike kwenye maelekezo ya timu, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote wanayoielewa wote, ili atakayekuja baada yake akikute. Mwezi wa tatu apitie msimbo wa mzoefu na aruhusiwe kuuliza kwa nini.