Mpira ukishapigwa, mrushaji ana mamlaka gani?

Mwaka 2001 Mmarekani Voros McCracken alichapisha hoja iliyowakera mashabiki wengi wa besiboli: mpira ukishapigwa na ukabaki ndani ya uwanja, warushaji wa ligi kuu hawatofautiani sana katika kuuzuia usiwe hiti. Hiti, kwa wasioufuata mchezo huu, ni pigo linalomfikisha mpigaji salama kwenye besi, yaani kituo cha kukimbilia, bila walinzi kukosea.

McCracken alianza kwa kutenga yale ambayo walinzi hawana mkono ndani yake: straiki tatu (mpigaji anatolewa bila kuupeleka mpira uwanjani), besi ya bure (anapewa besi kwa sababu mrushaji amekosa shabaha mara nne) na homrani (pigo linalovuka uzio). Mipira yote iliyobaki hupita mbele ya wachezaji wengine wenye glavu, na katika ligi kuu takriban asilimia 30 yake huwa hiti. Alipofuatilia warushaji mwaka hadi mwaka, aliona anayetoa watu wengi kwa straiki huendelea hivyo msimu ujao, lakini asilimia yake ya hiti hupanda na kushuka bila mpango.

Mfano ninaoupenda ni Pedro Martínez wa Boston Red Sox. Mwaka 1999, mipira iliyobaki uwanjani dhidi yake ilikuwa 467, na 151 ikawa hiti, yaani asilimia 32. Mwaka 2000 ilikuwa 470, hiti 111 tu: chini kidogo ya asilimia 24. Misimu yote miwili alitwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Ukitazama safu hiyo moja tu ya takwimu, utadhani ni watu wawili.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kwa mipira 470 na wastani wa asilimia 30, tunatarajia hiti 141. Bahati peke yake huisogeza namba hiyo kwa 10 hivi juu au chini katika msimu wa kawaida, na mara mojamoja kwa 20. Tuseme mrushaji fulani ana ustadi wa kweli wa kupunguza asilimia moja nzima. Ustadi huo unamwokolea hiti 5 tu kwa msimu! Utauonaje kwenye namba zinazoyumba kwa 10? (Upungufu wa 30 wa Pedro mwaka 2000 ni mkubwa mno, mimi siamini kuwa ulikuwa bahati tupu.)

Hapo ndipo wasomaji wengi wa McCracken walipopotea. Kutoonekana wakakugeuza kutokuwepo. Mwaka 2003 Tom Tippett alichambua warushaji waliodumu miaka mingi, akaonyesha kwamba tofauti zipo, ingawa ni ndogo. Warushaji wa nakoboli, mpira unaorushwa karibu bila kuzunguka hata ukayumba njiani, walijitokeza wazi miongoni mwa waliokuwa wakipunguza hiti.

Kisha kuna mrushaji Mariano Rivera wa New York Yankees. Tangu 1995 hadi 2013 mipira iliyobaki uwanjani dhidi yake ilikaribia 3,530. Kwa wastani wa ligi ningetarajia hiti 1,060 hivi. Homrani ukiziondoa, aliruhusu hiti 927. Kwa wingi huo wa mipira, bahati ingemsogeza kwa 27 hivi, naye yuko mbali zaidi ya mara nne ya hapo. Mpira wake ulipinda ghafla karibu kabisa na mpigaji, ukagongwa na shingo ya gongo na kutoka bila nguvu.

Tangu 2015 mfumo wa Statcast hupima kasi na pembe ya kila mpira unapotoka kwenye gongo, kwa hiyo hatulazimiki tena kukisia kila kitu kutokana na hiti. Bado, nikiletewa kijana mwenye asilimia 24 baada ya msimu mmoja, kwanza naangalia straiki na besi zake za bure, kisha nauliza ni walinzi gani walikuwa wamesimama nyuma yake.