Gari ya zamani ngumu kuwaka? Acha kwanza kununua betri

Mwezi uliopita ililetwa kwangu Corolla AE110 ya 1998, ile yenye injini ya 5A-FE, mwenye gari ni mama mmoja mwalimu. Nikamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba, halafu hapohapo akaanza kuhesabu kwa vidole: fundi nimenunua betri mbili ndani ya miezi mitano, nimebadilisha plagi, nimesafishiwa nozeli (zile zinazopuliza mafuta kwenye injini), na gari bado inaniadhirisha sokoni. Asubuhi inawaka kwa kubembeleza, nikienda Kariakoo nikiizima dakika ishirini haizunguki kabisa, inalia tu nduu... nduu... kama mbuzi anayekabwa.

Hapo kashanipa nusu ya jibu bila kujua. Sisi mafundi tunafeli sana hapa, mteja akisema "gari ngumu kuwaka" mtu anakimbilia spana, wakati hiyo ni magonjwa matatu tofauti yenye jina moja. Kuna gari ambayo selfu (ile mota inayozungusha injini ili iwake) haizungushi au inazungusha kichovu, kuna ambayo inazungusha vizuri kabisa ila injini haishiki, na kuna inayoshika ila baada ya kupiga selfu ndefu mpaka jirani anafungua dirisha. La kwanza ni umeme mkubwa, yaani betri, waya na selfu. Mengine mawili ni cheche, mafuta au hewa. Ukichanganya hapo utanunua plagi kwa ajili ya tatizo la waya, kama mwalimu wangu.

Sasa haya ya selfu ndo nataka kukaa nayo maana ndo yanawalia watu hela.

Betri ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 nusu, ikishuka 12.0 hiyo imebaki robo tu hata kama taa zinawaka na redio inaimba. Nasema imepumzika kwa sababu ukiipima gari imetoka barabarani sasa hivi utaona 12.9 ukafurahi bure, washa taa kubwa dakika moja, zima, ngoja kidogo, ndo upime. Halafu pima tena gari ikiwa inanguruma, vichwani kwa betri uone kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ikiwa chini ya hapo alternata haichaji na betri mpya utaiua tu kama ile ya zamani.

Ila kipimo chenyewe cha kazi ni wakati selfu inazunguka. Ng'oa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa mafuta) kwenye boksi la boneti ili injini isiwake, mtu apige selfu kama sekunde tano, wewe umeshika mita kwenye vichwa vya betri. Betri nzima haitakiwi kushuka chini ya 9.6. Ikianguka mpaka 7 na selfu inajikokota, sawa, mshuku betri (au selfu inayokula umeme kupita kiasi, hiyo ipo pia).

Ya mwalimu ikasoma 11.3 huku selfu inajikokota.

Wengi hapo wanasema betri nzuri, kwa hiyo selfu imekufa, shusha selfu. Subiri kwanza. Selfu ikizunguka kwa nguvu inavuta umeme mwingi na betri lazima ishuke, kwa hiyo betri ikibaki juu hivyo na selfu imechoka maana yake umeme haufiki, kuna mahali njiani unazuiwa. Ni kama tenki limejaa juu ya nyumba na bombani yanatoka matone, hutanunua tenki lingine si ndio?

Basi unatafuta pale unapozuiwa, na mita unaiweka kwa namna ambayo watu wengi hawajazoea: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, ile risasi, sio kile kibanio, ncha nyingine kwenye chuma cha injini pasipo na rangi, halafu piga selfu. Hapo unataka kuona karibu na sifuri, ikizidi 0.2 ujue waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha injini, una shida. Upande wa chanya hivyohivyo, kutoka kichwa cha betri mpaka bolti nene ya selfu, hapo nakubali mpaka 0.5. Kwa mwalimu chanya ilikuwa 0.6, ya kuvumilika japo sio nzuri. Hasi ilikuwa 1.9! Yaani karibu volti mbili zinapotelea kwenye kipande cha waya cha urefu wa mkono, ukitoa na ile 0.6 ya chanya selfu inabakiwa na 8.8, itazungushaje injini.

Kama huna mita kuna njia ya kienyeji na inafanya kazi vizuri tu. Chukua waya mmoja wa kujampia, bana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma cha injini, piga selfu. Ikizunguka kama mpya umeshapata ugonjwa wako bila kulipa mtu.

Nikamuuliza mwalimu, gearbox iliwahi kushushwa? Akasema ndio, mwaka jana. Basi. Waliporudisha wakaufunga waya wa ethi juu ya kutu na mafuta, bolti imekazwa nusu, na waya wenyewe nilipochana ganda lake karibu na kichwa ndani shaba imegeuka kijani kama mwani. Ikipoa asubuhi unapitisha umeme wa kubahatisha, ukipata joto la boneti na jua la Kariakoo hapana. Nikaweka waya mpya mnene, nikakwangua chuma mpaka king'ae, nikaongeza na wa pili kutoka injini kwenda bodi, kipimo kikashuka mpaka 0.1. Vyote havikufika bei ya robo ya betri moja.

Na vichwa vya betri jamani, shika kibanio kwa mkono uzungushe, kikizunguka ni kibovu hata kama macho yanakwambia kipo sawa. Kuna gari zinakuja kwenye betri yenye vichwa vyembamba wameweka kibanio cha vinene, katikati wamechomekea msumari au kipande cha kopo la soda. Hiyo inapitisha umeme wa redio ila wa selfu haupiti. Ule unga mweupe au wa kijani unaondoka kwa maji ya moto na magadi soda kidogo, anza kufungua hasi, malizia kurudisha hasi.

Sauti nayo inaongea. Ukiwasha ufunguo ikagonga klak moja tu, taa za dashibodi hazififii, halafu ukirudia mara tano au kumi ghafla inazunguka vizuri, hiyo kwenye Toyota za miaka hii mara nyingi sana ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa ya selfu. Vinaliwa, hasa kimoja kinaisha kabla ya mwenzake, sahani inakuja inagusa hewa. Wengi wanauziwa selfu nzima ya mtumba ambayo nayo ina shaba zilezile zilizochoka, wakati unafungua kifuniko unabadilisha shaba tu. Ikigonga ta-ta-ta-ta mfululizo na taa zinafifia, hapo sasa ndo betri haina moto au kichwa kimelegea. Ikiwa kimya kabisa na gari ni ya otomatiki jaribu kuweka gia N badala ya P, ikiwaka basi ni swichi ya gia. Ikiwa kimya hata hapo, uliza habari za alamu, maana alamu za kufungwa mtaani zinakata waya wa selfu au wa swichi na viungio vyake vimesokotwa kwa mkono na kuviringishwa gundi ya nailoni, mimi ni kitu cha kwanza kuvuta chini ya usukani.

Betri inayolala usiku mmoja ikaamka imekufa ni habari nyingine, kuna kitu kinanyonya. Unafungua hasi, unaweka mita ya ampea katikati ya waya na betri, milango imefungwa, unataka isizidi kama miliampea 50. Ikizidi unang'oa fyuzi moja moja mpaka ianguke. Usije ukajisahau ukapiga selfu mita ikiwa hapo, nimeshachoma fyuzi za mita mara mbili kwa uzembe huo.

Haya, turudi kwa mwalimu, maana hadithi haikuisha. Selfu sasa inazungusha kama cherehani, akafurahi akaondoka, kesho yake ananipigia: fundi, inazunguka vizuri lakini asubuhi mpaka nihesabu mpaka saba ndo iwake. Kumbe kulikuwa na ugonjwa wa pili umejificha nyuma ya wa kwanza, gari za miaka 25 ndo zilivyo, haziumwi kitu kimoja.

Inazunguka, haishiki haraka, ikiwa baridi tu, ikishawaka sailensi (mngurumo wake ikiwa imesimama) iko sawa na haimisi. Cheche sikuishuku sana. Cheche mbovu mara nyingi utaiona na unyevu, umepita kwenye maji au umetoka kuoshewa injini (acheni kuosha injini kwa presha, nawaomba), maji yanaingia kwenye kofia ya distributa, ile inayogawa cheche kwa plagi, basi kimya. Fungua boneti usiku gizani injini ikiwa inanguruma, ukiona vijicheche vya bluu vinatembea juu ya nyaya za plagi ujue nyaya zimekwisha. Kwake kulikuwa giza safi.

Kwenye hizi Toyota usitegemee kusikia pampu ya mafuta ukiweka tu ufunguo ON, kuna magari yanafanya hivyo ila hizi pampu inapata umeme selfu ikizunguka, halafu inaendelea kwa sababu kompyuta inaona injini inazunguka. Watu wameng'oa pampu nzima kwa kutojua hilo. Unachofanya, fungua kile kiboksi cha boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, ufunguo ON, utaisikia pampu ikinguruma nyuma. Nikamwambia aniletee gari jioni ilale kwangu. Asubuhi kabla ya kugusa selfu nikaendesha pampu hivyo sekunde tano, nikatoa waya, nikapiga. Ikawaka palepale, hata nusu sekunde haikufika.

Kwa hiyo presha ya mafuta inavuja usiku, na asubuhi selfu inazunguka bure ikisubiri pampu ijaze bomba upya. Nikafunga geji ya presha ya mafuta, pampu ikiendeshwa peke yake inapiga psi 40, na hizi injini zinatakiwa kati ya 38 na 44, sawa kabisa. Nikazima. Dakika kumi mshale uko chini unalala. Nikachomoa kimpira cha hewa cha regyuleta (kile kinachodhibiti presha ya mafuta) nikakinusa, kikavu, hakina petroli. Nikabana mpira laini wa mafuta yanayorudi tenkini, mshale ukashuka vilevile, kwa hiyo regyuleta tukamsamehe. Nikatoa plagi zote nne, zimekauka, hakuna nozeli inayodondosha. Imebaki ile valvu ndogo ndani ya pampu inayozuia mafuta yasirudi tenkini.

Kama ingekuwa inasumbua baridi na pia inakula mafuta na kutoa moshi mweusi, ningepima kwanza sensa ya joto la maji, ile ya waya mbili inayoongea na kompyuta, injini ikiwa ya baridi ya kwetu inasoma kama kilo-om 2, ikichemka vizuri inashuka kwenye om mia tatu hivi. Ikidanganya, kompyuta inaweka mafuta ya injini ya moto kwenye injini ya baridi, au kinyume chake. Na kama ingekuwa haiwaki kabisa ningeunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi kilekile nikahesabu taa ya chek injini inavyokonyeza: 12 haioni injini ikizunguka, 14 ni upande wa kuwasha cheche, 22 ndo hiyo sensa ya maji. Haina haja ya mashine ya kukodi, ni kipande cha waya na macho.

Wa dizeli msinikasirikie, ninyi plagi zenu ni za kupasha, na aliyeko Njombe au Makete mwezi wa saba anajua ninachosema, zikifa mbili kati ya nne asubuhi ni moshi mweupe na selfu ndefu. Na ikisumbua hata kwenye joto la Dar, pampa ile pampu ya mkono kwenye filta kabla ya kuwasha, ikiwaka vizuri baada ya hapo basi hewa inaingia kwenye mpira mahali fulani na dizeli inarudi tenkini usiku.

Mwalimu nikampigia nikamweleza, pampu nzima au aishi nayo. Akaniuliza itanizimikia barabarani? Nikamwambia hapana mwalimu, presha ipo, inavuja usiku tu. Basi akasema mshahara ukitoka tutaongea, sasa hivi anapiga selfu sekunde mbili, anaachia, anapiga tena inashika. Zile betri zake mbili moja ndo ipo kwenye gari. Ile ya kwanza, aliyoambiwa imekufa, alimpa mdogo wake akaifunga na sola, na mpaka leo inawasha taa na tivii.