Simba unamwelezea vizuri, kubishana unakwama: dhana potofu kuhusu Kihispania cha ngazi ya juu

Naongoza watalii kutokea Arusha, wageni wangu wengi ni wa Hispania, Meksiko, Argentina, Kolombia, na kuna kitu nimekiona kwangu na kwa wenzangu karibu wote tunaotumia Kihispania kazini. Mchana kwenye gari lugha inashuka tu, kwa nini duma anawinda mchana, nyumbu wanavuka mto lini, Ngorongoro ilitokeaje, yaani mgeni anauliza umesomea Madrid? Afu usiku mezani kambini wageni wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kodi za nyumba Barcelona, mchezo wa mafahali, mara mmoja anakugeukia, "¿y tú qué opinas?", na wewe unaonaje, na hapo unakuta una maneno mawili tu, "sí, claro", ndiyo, bila shaka. Maoni unayo, mengi tu. Usichokuwa nacho ni lugha ya kupinga, na hiyo huipati kwa kuelezea simba hata ukimwelezea miaka kumi.

Kuna mambo tunaambiana sana kuhusu hili na mengi si kweli, na yanawachelewesha watu wazuri kabisa, ndo maana naandika.

Dhana: nikisikiliza sana, ipo siku itatoka yenyewe

Hii niliiamini mpaka nikachoka, podikasti kila asubuhi, redio ya Hispania kila jioni. Kusikiliza kunasaidia sana, sikatai, ila kuna mtafiti wa Kanada anaitwa Merrill Swain aliyeangalia watoto wanaozungumza Kiingereza ambao walisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka na miaka, na mwaka 1985 akaandika alichokiona: kuelewa walikuwa wanaelewa karibu sawa na wenye lugha, yaani waliozaliwa nayo, lakini wakifungua mdomo sarufi ina matobo. Ukifikiria sababu inaeleweka. Ukisikiliza unaweza kuruka mwisho wa kitenzi na maana ukaikamata vilevile, lakini ukiongea lazima uchague, "es" au "sea", sura mbili za kitenzi kimoja, "ni", huwezi kuruka. Na kwenye mdahalo huwezi kabisa, manake mwenzako anasubiri sentensi yako ili aipinge.

Dhana: ukishafika B2 sarufi imeisha, kilichobaki ni msamiati

B2 ni ngazi ya nne kati ya sita za kupima lugha, A1 mpaka C2. Hapa nikae kidogo kwa sababu hapa ndo penye kiini.

Kihispania kina ile hali ya kitenzi inaitwa subjuntivo, wote tumeisoma darasani, tumejaza mazoezi, tumefaulu. Kwenye kuelezea vitu unaweza kuishi miezi bila kuihitaji sana, simba analala saa nyingi, tembo anakula majani mengi, ni ukweli mtupu, kitenzi cha kawaida kinatosha. Lakini jaribu kumpinga mtu uone. "Creo que es justo", naona ni haki, kitenzi cha kawaida. Weka "no" mbele tu, "no creo que sea justo", kitenzi kimebadilika. "No digo que sea malo, digo que sale caro", sisemi ni kibaya, nasema kinatoka ghali. "No es que no quiera, es que no puedo", si kwamba sitaki, ni kwamba siwezi. Hata kumkatiza mtu kwa adabu, "perdona que te interrumpa", nayo ni subjuntivo. Kila unapotilia shaka, unapokanusha, unapoweka sharti, Kihispania kinakudai hiyo hali, kwa hiyo mtu asiyebishana haifanyii mazoezi hata kama aliipata zote kwenye karatasi.

Afu kuna "aunque". Hiki kineno kimoja nimekipenda kuliko vyote. "Aunque es verdad" ni kama kusema ingawa ni kweli, unalileta jambo mezani kama taarifa. "Aunque sea verdad" ni hata kama ni kweli, yaani sikubali wala sikatai hoja yako, nakuachia, ila nakuonyesha kwamba haibadilishi kitu. Mtu anayeweza kuchomeka "aunque sea verdad" katikati ya ubishi, kwa kasi ya ubishi, bila kusimama kufikiria, huyo ameshavuka. Na sisi Waswahili wazo lenyewe tunalo tayari, tunasema hata kama kila siku. Hilo "hata" letu tena ni ndugu wa "hasta" ya Kihispania, yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, kama "fulano" na fulani, kama "alcalde", mkuu wa mji, na kadhi. "Ojalá" nayo imetoka Kiarabu, Mungu yumo ndani ya neno lenyewe, na ikitangulia kitenzi basi kitenzi hicho kinakuwa subjuntivo tu.

Mafahali ni mada nzuri ya kuzoezea haya yote kwa sababu ina kupanda na kushuka: visiwa vya Canarias walikataza mwaka 1991, bunge la jimbo la Katalunya likapiga kura ya kukataza 2010, Mahakama ya Katiba ya Hispania ikaja kulifuta katazo hilo 2016, na Kolombia bunge likapitisha sheria ya kukataza 2024 itakayoanza kutumika 2027. Mwambie mwenzako atetee mila, wewe utetee mnyama, baada ya dakika kumi mbadilishane. Utajikuta unasema "si no lo hubieran anulado, hoy las corridas seguirían prohibidas en Cataluña", kama wasingelifuta leo mchezo huo ungekuwa bado umekatazwa huko, sentensi ambayo hakuna mtalii angekulazimisha uitunge.

Dhana: wanaongea haraka mno, sitapata pa kuingilia

Haraka ni kweli. Kuna watafiti wa Lyon walipima mwaka 2011 wakapata Kihispania kama silabi 7.8 kwa sekunde, Kiingereza kama 6.2. Lakini watafiti haohao walionyesha kwamba kila silabi ya Kihispania imebeba habari kidogo zaidi, kwa hiyo ukijumlisha habari inayopita kwa sekunde lugha hizi hazipishani sana. Sikio la Mswahili linapaswa kulielewa hilo, na sisi maneno yetu marefu, silabi nyingi, irabu tano zilezile a e i o u.

Kinachotukwamisha sanasana ni adabu. Tumelelewa kusubiri mtu amalize, hasa akiwa mkubwa. Mezani kwa Wahispania ukisubiri amalize utasubiri mpaka kahawa, kwa sababu wanapandiana sauti, na mwenzio akikuwekea "claro, claro" juu ya maneno yako hajakudharau, anakuonyesha yuko na wewe. Unaingia na "a ver", na "ya, pero", na "es que", vineno vidogo visivyo na uzito vinavyokushikia nafasi huku kichwa kinatafuta kitenzi. Mimi nilikuwa navidharau, naona ni vya kujazia, kumbe ndo mlango wenyewe. Ila usivibebe kila mahali kwa nguvu ileile, wageni wangu wa Bogotá wanaweza kuitana "usted", ile wewe ya heshima, hata na ndugu, na wanasema "qué pena" kwa maana ya samahani, ukiwavamia kama uko Madrid utawashtua.

Dhana: mjadala kwa Kihispania ni "discusión"

Hapana, na hili lilinitia aibu ya kweli mbele ya wageni. Niliwaambia "ayer tuve una discusión con mi profesora", nikimaanisha tulijadiliana vizuri, wakanyamaza, mama mmoja akaniuliza kwa upole kama tumepatana. "Discutir" kwenye mazungumzo ya kawaida ni kugombana. Ukitaka kusema mliongea jambo sema "hablamos de", "comentamos", au "debatimos" kama mlishindana kwa hoja. Na wana neno zuri kabisa, "tertulia", watu walewale kukutana mahali palepale kuongea siasa, vitabu, mpira, chochote. Café Gijón ya Madrid imefunguliwa 1888 na imejulikana kwa tertulia za waandishi. Mtu aliyekulia karibu na kijiwe cha kahawa hahitaji kuelezwa zaidi, benchi, vikombe vidogo, na mzee mmoja ambaye hashindwi hoja.

Dhana: bila mwenye lugha hakuna maendeleo

Mwenye lugha anakusaidia vitu ambavyo mwanafunzi mwenzio hawezi, mfano kukuambia "coger" Hispania ni kuchukua tu, basi, simu, teksi, lakini Meksiko na Argentina usiliseme mbele za watu. Ila mazoezi ya kubishana mnaweza kufanya wawili mlio ngazi moja. Mimi na mwenzangu tunatumia mbinu iliyoandikwa na Paul Nation, mwalimu wa New Zealand: unatoa hoja yako dakika nne, afu hoja ileile kwa dakika tatu, afu dakika mbili, kila mara kwa msikilizaji mwingine. Tukiwa wawili wa tatu anakuwa simu, tunarekodi. Raundi ya tatu unajisikia mtu mwingine, kwa sababu wazo umeshalipata na akili yote inabaki kwa lugha. Matamshi pia msiogope, mtu wa pwani anayetamka "th" ya thelathini na "kh" ya kheri sawasawa anazo "z" ya Madrid na "j" ya "jefe" bila kufundishwa. Kazi kubwa iko kwenye r ya "pero", lakini, na rr ya "perro", mbwa.

Dhana: anirekebishe kila kosa palepale

Tunawaomba wageni hivi, tukidhani ndo bidii. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wa madarasa kule Montreal, wakakuta njia ambayo walimu walikuwa wanaitumia zaidi, ya kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, ndiyo iliyofanya wanafunzi wajirekebishe kidogo kuliko njia zote. Unasikia, unasema "sí, sí", unaendelea na hoja, marekebisho yamepita. Kilichofanya kazi zaidi ni kumsukuma mwanafunzi atafute mwenyewe. Kwetu sisi imekuwa hivi, tunabishana dakika tano bila kukatizana, tunasikiliza rekodi, kila mtu anachagua makosa yake matatu, anayasahihisha mwenyewe, afu tunarudia ubishi uleule. Matatu yanatosha, ukichukua ishirini hubaki na hata moja.

Dhana: lazima mada iwe nzito, na lazima utetee unachokiamini

Kwenye midahalo ya vyuo vikuu kwa mtindo wa bunge la Uingereza, na mashindano ya dunia ya Kihispania yanatumia mtindo huo, timu ni nne za watu wawili, upande unapangiwa, maandalizi dakika 15, kila mtu anaongea dakika 7. Hakuna anayekuuliza moyoni unaamini nini. Ukitetea unachokiamini unatumia maneno uliyoyazoea, ukipangiwa upande wa pili unaenda kuyatafuta mapya. Na wanaojiandaa na DELE C1, mtihani wa Kihispania wa ngazi ya juu ya B2, hili linawahusu moja kwa moja, kwenye mtihani wa kuongea ukishatoa maelezo yako mtahini anakuhoji na wewe unatetea maoni, afu mwisho mnajadiliana mpaka mkubaliane.

Uzito wa mada nao si kitu. Hispania watu wazima wamegawanyika kuhusu tortilla ya mayai na viazi, iwe na kitunguu au isiwe, wana mpaka majina, "cebollistas" na "sincebollistas". Jumamosi iliyopita mimi na mwenzangu tumebishana hiyo tukiosha gari kabla ya safari, nilipangiwa upande wa bila kitunguu na mimi kitunguu nakipenda sana, dakika nne, tatu, mbili. Kwenye ya mbili nikamwambia "aunque le dé más sabor, le quita el protagonismo a la patata", hata kama kinaongeza ladha kinamnyang'anya kiazi nafasi yake. Ile "dé", ambayo ni subjuntivo, imetoka yenyewe, sikuitafuta. Akasimamisha mpira wa maji akaniambia rudia hiyo.