Matoleo Mapya ya Albamu Kongwe za Metali Kali: Dhana Potofu na Ukweli

Albamu kongwe ya metali kali ikitimiza miaka 20, 30 au 40, lebo huitoa upya kifahari: kasha gumu, santuri za rangi, kijitabu cha picha za zamani, na karatasi iliyobandikwa juu ikitangaza kwamba sauti imemastiwa upya. Bei nayo hupanda. Kabla ya kutoa pesa, liulize toleo hilo swali moja: sauti hii imetoka kwenye tepu gani, na nani ameigusa tangu hapo? Dhana nyingi zinazosambaa kati ya mashabiki huzaliwa pale swali hilo linaporukwa.

Dhana: Kumasta upya na kumiksi upya ni jambo moja.

Ni kazi mbili tofauti. Albamu nyingi za miaka ya 80 na 90 zilirekodiwa kwenye tepu ya njia 24: kila dramu na njia yake, magitaa na zao, besi na yake, mwimbaji na yake. Fundi wa kumiksi akazichanganya zikawa njia mbili, kushoto na kulia, na hizo mbili ndizo masta. Anayemasta upya ana hizo mbili tu mkononi. Anaweza kupunguza ukali wa juu, kujaza chini, kupandisha sauti yote kwa pamoja. Lakini hawezi kuinua gitaa la besi peke yake bila kuinua na dramu ya mguu, kwa kuwa vyote viwili vinaishi kwenye masafa yaleyale. Anayemiksi upya hurudi kwenye njia 24, na akitoka huko albamu inaweza kuwa kitu kingine.

Mfano mzuri ni "Human" ya bendi ya Death, iliyorekodiwa katika studio ya Morrisound huko Tampa, Florida, na kutoka mwaka 1991. Toleo la lebo ya Relapse la mwaka 2011 lilimiksiwa upya na Jim Morris. Besi ya Steve DiGiorgio, ambayo katika toleo la kwanza ilizama chini ya magitaa, sasa inasikika noti kwa noti. Ni raha kuisikia. Lakini Chuck Schuldiner, aliyeitunga albamu hiyo, alifariki Desemba 2001, kwa hiyo huu si mchanganyiko alioupitisha yeye. Anayetaka kujua watu walisikia nini mwaka 1991 hataweza kukijua kwa toleo la 2011 peke yake.

Wakati mwingine bendi yenyewe ndiyo inayotaka mabadiliko. Cradle of Filth waliimiksi upya "Cruelty and the Beast" ya 1998 na kuitoa mwaka 2019, na sababu kubwa ilikuwa sauti ya dramu, iliyolalamikiwa kwa miaka 20. Dimmu Borgir walikwenda mbali zaidi: "Stormblåst" ya 2005 imerekodiwa upya yote, si ile ya 1996. Nje kidogo ya metali kali, Dave Mustaine wa Megadeth alipoimiksi upya "Rust in Peace" mwaka 2004 aliimba upya baadhi ya sehemu. Hakuna ubaya katika yote haya, ilimradi kasha liseme wazi. Likikaa kimya, soma orodha ya mafundi nyuma ya kijitabu. Ukikuta jina la fundi mpya wa kumiksi, unanunua mchanganyiko mpya.

Dhana: Toleo lenye sauti kubwa zaidi ndilo lililoboreshwa.

Hii ndiyo dhana iliyoharibu albamu nyingi kuliko zote. Sikio la binadamu likisikiliza matoleo mawili ya wimbo mmoja, lile lililo juu hata kwa desibeli moja huonekana lina besi nzuri na uwazi zaidi. Lebo zinalijua hilo. Sidii ina dari ambalo sauti haiwezi kulipita, kwa hiyo njia pekee ya kuongeza ukubwa ni kuvikata vilele, yaani sehemu za juu kabisa za sauti, kwa limita, kifaa cha kuzuia vilele, na kuvuta kila kilichobaki juu.

Metali kali huumia kuliko aina nyingine za muziki kwa sababu magitaa yake tayari ni ukuta: upotoshaji wa sauti umekwisha kuyabana tangu kwenye ampu. Vilele vilivyobaki ni vya dramu, hasa sneya na matoazi. Limita ikikata, inakata hizo. Sneya inarudi nyuma ya magitaa, na matoazi yanageuka mvumo wa mchanga. Kwenye mapigo ya blasti, yale ya dramu ya kasi mfululizo, kila dramu ya mguu inapopigwa ukuta mzima unanywea na kurudi. Uzito uliokuja kuutafuta unapungua papo hapo.

Kulipima hili hakuhitaji vifaa vya gharama:

1. Pata wimbo uleule kutoka matoleo mawili, katika faili zisizopoteza ubora (WAV au FLAC).
2. Zifungue pamoja katika Audacity, programu ya bure. Vilele vikiwa vimesawazishwa juu kama vimepigwa pasi, limita imefanya kazi kubwa. Washa alama ya kuonyesha mikato, uone mistari myekundu ni mingi kiasi gani.
3. Tumia kifaa chake cha kusawazisha ukubwa wa sauti, uweke zote mbili kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia).
4. Sasa sikiliza sneya. Mtu mwingine akubadilishie bila kukwambia ipi ni ipi.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, na bila hiyo ulinganisho hauna maana. Kiwango hicho cha -14 ndicho Spotify hutumia kwa kawaida kusawazisha nyimbo, kwa hiyo toleo lililobanwa linashushwa, na msikilizaji anabaki na madhara ya kubanwa bila ule ukubwa. Kwa wengi wetu wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala tunaosikiliza kwa simu, hilo linatugusa moja kwa moja.

Lebo ya Earache ya Uingereza ilijibu malalamiko haya kwa mfululizo wake wa FDR (Full Dynamic Range), ambapo albamu kama "Altars of Madness" ya Morbid Angel (1989) na "Scum" ya Napalm Death (1987) zimemastiwa upya bila kubanwa hivyo. Ukizisikia mara ya kwanza utazidhani ni dhaifu. Pandisha kitufe cha sauti, na dramu zinasogea mbele.

Dhana: Kipimo cha DR kinathibitisha kwamba santuri imemastiwa vizuri kuliko sidii.

DR ni tofauti ya desibeli kati ya vilele na wastani wa sehemu zenye sauti kubwa. Sidii nyingi za miaka ya 80 hupata 10 hadi 13, na za kisasa za metali mara nyingi 5 au 6. Ni kipimo kizuri kwa kulinganisha faili mbili za kidijitali. Kwa santuri kinadanganya. Kuchongwa kwenye mchirizi, kupita kwenye sindano na kwenye kikuza sauti husogeza awamu za masafa, na vilele vilivyosawazishwa vinachongoka upya. Masta ileile iliyobanwa ikichongwa kwenye santuri, kisha santuri ikarekodiwa kwenye kompyuta, inaweza kuonyesha namba ya juu zaidi ya sidii kwa tofauti kubwa, ilhali hakuna kilichorudishwa. Usinunue santuri kwa namba hiyo peke yake.

Dhana: Santuri ya gramu 180 ina sauti bora kuliko ya gramu 140.

Mchirizi una kina kilekile. Uzito ni plastiki iliyo kati ya pande mbili. Santuri nzito inaweza kulala vizuri zaidi kwenye sahani, basi. Kinachobadilisha sauti kweli ni dakika ngapi zimewekwa upande mmoja, na wimbo umekaa wapi.

Kwa kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, sindano ikiwa mwanzoni mwa upande hupita kama sentimita 51 kwa sekunde. Ikifika karibu na lebo ya katikati ni kama 21 tu. Matoazi yanayolia mfululizo yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo, na ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande huchanika kwanza. Juu ya hapo, upande ukizidi dakika 22 hivi, fundi wa kuchonga analazimika kushusha sauti au kupunguza besi ili michirizi isigongane. "Reign in Blood" ya Slayer (1986) ina dakika kama 29 kwa jumla, kwa hiyo inakaa bila shida. Albamu ya dakika 46 kwenye santuri moja inaomba matatizo, na hapo toleo la santuri mbili lina sababu ya kweli ya kugharimu zaidi. Likichongwa kwa kasi ya 45, sindano bado ina sentimita 28 kwa sekunde pale ndani.

Santuri ya picha usiinunue kwa ajili ya kusikiliza. Filamu nyembamba iliyo juu ya picha huleta mkwaruzo unaosikika kwenye kila sehemu tulivu.

Dhana: "Kutoka tepu za asili" na "biti 24" ni dhamana.

Tepu zinazeeka. Ampex 456, iliyotumika sana studioni, ina gundi inayonyonya unyevu hadi tepu inanata kwenye vichwa vya mashine na kuacha unga wa kahawia. Dawa yake ni kuioka kwa karibu nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa nyingi, kisha kuihamishia kwenye dijitali ndani ya wiki chache kabla haijanata tena. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, sauti inatoka salama.

Lakini albamu nyingi za miaka ya 90 hazina masta ya analogi hata kidogo. Zilimiksiwa moja kwa moja kwenye DAT, tepu ya kidijitali yenye biti 16 na kilohezi 44.1 au 48. Faili ya biti 24 na kilohezi 96 iliyotokana na DAT ni kubwa zaidi, na huko juu haina kitu kipya. Na "Transilvanian Hunger" ya Darkthrone (1994), ambayo Fenriz wa bendi hiyo aliirekodi kwenye mashine ya njia nne, ilikusudiwa kuwa chafu. Anayetarajia tepu bora itaisafisha anasubiri jambo ambalo bendi haikulitaka.

Dhana: Toleo la kwanza siku zote hushinda.

La. Baadhi ya sidii za kwanza zilitengenezwa kutoka tepu za nakala, zilizokwisha kupunguzwa besi kwa ajili ya kuchonga santuri. Ni nyembamba, na toleo jipya linalofanywa kwa uangalifu huzipita waziwazi. Kwa majalada hali inaweza kuwa kinyume: "Reek of Putrefaction" ya Carcass (1988) ilitoka na kolaji ya picha za maiti, baadhi ya matoleo ya baadaye yakaificha chini ya jalada jingine, kisha ikarudishwa.

Dhana: Bonasi nyingi ndizo thamani ya kasha.

Zihesabu kwa dakika za muziki usioupata kwingine. "Reign in Blood" ya 1998 iliongeza nyimbo mbili tu, na zinatosha. Diski tatu za demo zilizonakiliwa kaseti hadi kaseti utazisikiliza mara moja. Kumbuka pia uzito: santuri nne za gramu 180 ni gramu 720 kabla ya kasha na kijitabu, na posta hutoza kwa uzito. Ongeza VAT ukifika nyumbani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania. Likifika, lisikae kwenye gari lililoegeshwa juani, kwani santuri huanza kulainika karibu nyuzi 60. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine.