Andrea ni mwanamume au mwanamke? Mstari wa jinsia katika hifadhidata za wazi

Fungua ukurasa wa mtu yeyote mashuhuri katika Wikidata, hifadhidata iliyoanzishwa Oktoba 2012 ambayo kila mtu anaruhusiwa kuihariri. Hutakawia kukutana na mstari wenye alama P21, yaani "jinsi au jinsia". Mara nyingi umejazwa neno moja, na mahali pa chanzo pameandikwa tu kwamba taarifa imeletwa kutoka Wikipedia. Jirani kamnukuu jirani.

Kwetu, nyaraka nyingi za takwimu hutenga maneno haya: jinsi ni ya maumbile, jinsia ni ya nafasi ya mtu katika jamii. P21 imeyatia kapu moja. Ndiyo maana utakuta humo mwanamume, mwanamke, huntha, mwanamke aliyebadili jinsia, na hata asiyejitambulisha kwa upande wowote. Wahariri wamebishana sana juu ya hilo: ukimwandika mtu "mwanamke aliyebadili jinsia", programu inayohesabu wanawake inaweza kumruka.

Tunaoandika Kiswahili tuna raha moja. "Alizaliwa", "aliandika", "yeye": hakuna hata kimoja kinachomtaja mtu kuwa wa kike au wa kiume. Unaweza kumaliza makala nzima bila kujua. Kisha unafika kwenye hifadhidata, kisanduku kinakusubiri, na hapo kishawishi cha kukisia kwa jina huanza. Andrea kwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili ni mtume, nduguye Petro. Italia pia ni mwanamume. Ujerumani ni msichana. Jean wa Lubumbashi ni baba wa watu, Jean wa London huenda ni bibi. Na Riziki je? Hapo hata sisi wenyewe tunaulizana.

Kosa likiingia halikai hapo, kwa kuwa data hizi ni bure kwa yeyote kuzinakili, na mitambo ya utafutaji huzitumia.

Kuna visa ambavyo neno moja halitoshi kabisa. Daktari wa jeshi la Uingereza James Barry alifanya upasuaji wa uzazi Cape Town mwaka 1826, mama na mtoto wakapona wote, jambo la nadra mno enzi hizo. Alipofariki London mwaka 1865, mwanamke aliyeuandaa mwili wake alisema ni mwili wa kike. Barry mwenyewe alikuwa ameishi utu uzima wake wote kama mwanamume. Wikidata inaruhusu madai mawili yakae pamoja, kila moja na chanzo chake, na huo ndio uungwana wake mkubwa.

Kwa walio hai, neno la mwenyewe ndilo la kwanza. Mwigizaji Elliot Page alijitangaza kuwa mtu aliyebadili jinsia Desemba 2020. Mhariri anaweza kuongeza tarehe ya kuanzia, ila mimi husita: tarehe ya kutangaza si tarehe ya kuanza kuwa.

Sisi wakutubi tumelipitia hili. Mtandao wa maktaba zinazoorodhesha kwa ushirikiano, unaoratibiwa na Library of Congress ya Marekani, ulipendekeza mwaka 2022 tuache kurekodi jinsia katika rekodi za majina ya waandishi. Nakubaliana nao kwa katalogi. Kwa Wikidata, sina hakika. Ni kwa sababu mstari huo umejazwa ndipo tunajua kwamba wasifu wa wanawake katika Wikipedia ya Kiingereza ulikuwa takriban asilimia 15 mwaka 2014, na sasa ni takriban 20. Kenya nayo ilipoweka nafasi ya huntha katika sensa ya 2019, ilihesabu watu 1,524 ambao awali hawakuwa na pa kuandikwa.

Kwa hiyo ukikuta mstari mtupu, tafuta kwanza mahojiano, tovuti ya mhusika mwenyewe au maelezo ya mchapishaji wake, kisha weka kiungo chake kama chanzo. Usipopata kitu, ruka. Usichague "thamani haijulikani" kwa uvivu: hiyo ni kauli kwamba jambo lenyewe halijulikani. Wewe umeshindwa kulipata tu, na kwa hilo mstari mtupu unatosha.