Visa ya masomo ikishatoka bado kuna hatua

Watu wengi wanaamini ukishapata visa ya masomo basi mambo yameisha, kilichobaki ni kupanda ndege na kuingia darasani. Inaeleweka kabisa, maana kuitafuta hiyo visa kwenyewe kunachosha.

Ila kwa nchi nyingi visa ni ruhusa ya kusafiri mpaka mpakani ukaombe kuingia, anayeamua uingie ama la ni ofisa wa uhamiaji pale pale na anaweza kukuuliza maswali upya, kwa hiyo barua ya chuo, uthibitisho wa ada na anwani utakayofikia viwe kwenye begi la mkononi, sio lile kubwa lililoenda kwenye mizigo. Tafadhali hili usilipuuze. Tarehe nazo uziangalie, mfano Marekani mwenye visa ya F-1, yaani ile ya wanafunzi, anayeanza masomo haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla programu haijaanza, hata kama visa yenyewe ishaanza kutumika. Na ukishaingia bado, Ujerumani kwa kawaida unatakiwa uandikishe anwani yako ndani ya wiki 2 tangu uhamie, halafu ile karatasi ya uthibitisho utakayopewa ukishajiandikisha utaihitaji ukienda kuomba kibali cha ukaazi.

Kuhakikisha sio kazi ngumu, soma kila kitu kilichoandikwa kwenye visa yako, ingia tovuti rasmi ya uhamiaji ya nchi unayoenda uone ukurasa ulisasishwa lini, kisha iandikie imeili ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako, maswali haya wameshayazoea.